Kazi ya Kwanza ya Fundi wa Friji: Hotuba kwa Vijana wa Sangailu



Katika zahanati, chanjo za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi. Friji ikikosa fundi, chanjo huharibika, na mama aliyetoka mbali hurudi nyumbani mtoto hajachanjwa.

Kijana anayetaka kazi hii asingoje tangazo. Aanze chini ya fundi mwenye uzoefu: asafishe kondensa, apime umeme, atafute gesi inapovuja. Kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, akianzia Gredi ya 3. Hata aliyejifunzia kazini hukubaliwa. Aandike daftarini kila friji aliyotengeneza. Mwajiri ataliomba.