MUNKOYO YETU: KWANZA MZIZI, HALAFU CHUPA

Maneno kwa wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa mji



Bendera yetu tuliipandisha tarehe 30 Juni 1960. Lakini hata leo mtu wa Katanga akitoka mgodini na kiu, franka zake zinakwenda kwa bia ya shayiri, na shayiri hiyo inatoka ng'ambo. Munkoyo ya mama zetu inabaki ndani ya bidoni, pembeni ya njia.

Kwa nini tunaidharau? Mama anapika uji wa unga wa muhindi. Ukipoa kidogo, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mzizi huo unageuza uji mzito kuwa mwepesi na mtamu. Ni kazi ile ile ambayo mbegu zilizochipuka zinafanya katika bia ya kizungu. Kesho yake hata watoto wanakunywa. Siku zikipita inakuwa kali, halafu inaharibika.

Wengine wanasema: tuitie katika chupa, tuiuze madukani. Vema! Maji yawe safi, vyombo safi, chupa zipashwe moto ili ikae zaidi. Lakini sikieni: mzizi tunauchimba porini, na pori linakatwa kwa ajili ya makala. Soko likikua na pori likiisha, tutauza nini?

Basi mama wauzaji waungane katika ushirika wao wenyewe, wapande mzizi kwanza. Wasingojee tajiri aje kuchukua kazi yao kwa bei ya bure. Shaba yetu iliondoka hivyo. Munkoyo isiondoke!