Mikono Ikifanya Kazi, Mama Atasema

Ndugu wananchi, akina mama wa Dodoma,

Sisi wa Ugogo twajua kuwa ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, wakiibana mapajani, kijiji kizima kikisikiliza. Basi mbona mkutanoni mama huyohuyo hunyamaza?

UWT ilipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiiongoza, ilikusudiwa mwanamke awe na sauti. Sauti hujifunzwa. Kwa hiyo tukutane kwa vikundi: tutunge shanga, tusuke vikapu, tufinyange vyungu. Mikono ikishughulika, ulimi hufunguka. Mwenye njaa atasema, anayepigwa atasema, na wenzake watamsaidia. Fedha ya kazi yake aishike mwenyewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Uhuru na Kazi!