Kupanga Majedwali Marefu ya Wahusika wa Gemu katika Wiki: Mfano wa Pokémon



Gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani mwaka 1996 zikiwa na viumbe 151. Leo wamepita 1,000, na kila mmoja ana namba sita za kumpima: uhai, shambulio, kinga, shambulio maalumu, kinga maalumu na kasi. Anayetunza jedwali lao kwenye wiki anaujua mzigo huo.

Wengi hulalamikia urefu, wakataka jedwali ligawanywe kwa vizazi tisa vya gemu hizo. Sikubaliani nao. Msomaji anayetaka kujua nani ana kasi kuliko wote hana haja ya majedwali tisa. Anataka moja, abofye kichwa cha safu ya kasi hadi namba kubwa zije juu, amwone Regieleki juu kabisa na 200 zake. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia na wiki nyingi za gemu, hulifanya hilo bila shida. Kinachotuumiza ni namba ileile kuandikwa kwa mkono mahali pengi.

Chukueni Pikachu. Kinga yake ilikuwa 30 hadi zilipotoka Pokémon X na Y mwaka 2013, ikapandishwa kuwa 40. Badiliko dogo, lakini namba hiyo imo kwenye ukurasa wake, kwenye jedwali kuu, na pengine kwenye orodha ya viumbe wa umeme. Mhariri akirekebisha mbili akasahau ya tatu, wiki inajipinga yenyewe. Namba iandikwe mara moja, kurasa nyingine ziichote kwa kigezo. Viongezo kama Cargo na Semantic MediaWiki vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ila msiifute 30! Anayecheza Pokémon Black ya mwaka 2010 bado anaihitaji. Kila namba ihifadhiwe pamoja na kizazi chake.

Lakini hamtaweza kuchota chochote kama hamjakubaliana mstari mmoja unamwakilisha nani. Namba ya kiumbe katika orodha ya Pokémon peke yake haitoshi: Deoxys, namba 386, ana maumbo manne, na kila umbo lina nguvu zake. Jina nalo lina mitego. Nidoran wapo wawili, namba 29 na 32, tofauti ya majina yao ni alama ya jinsia tu, na alama hiyo wahariri wengi hawaiandiki kwa kuwa haipo kwenye kibodi. Kitambulisho cha mstari kiwe namba hiyo ya orodha pamoja na umbo.

Maelezo yawe na safu yake. Ukiandika “40 (zamani 30)” ndani ya kisanduku cha namba, kompyuta inaweza kuisoma safu nzima kama maneno, na hapo 100 itatangulia 35. Visanduku vilivyounganishwa navyo huvunjika msomaji anapopanga upya, viepukeni.

Tusisahau simu. Picha elfu moja kwenye ukurasa mmoja ni bando la mtu, na mara nyingi ni pambo tu. Na kwa kuwa kioo ni chembamba, jina likae safu ya kwanza, lionekane kabla ya msomaji kusogeza jedwali pembeni.

Naomba semina hii iazimie kwamba mhariri asianzishe jedwali jipya kabla ya kuandika, kwenye ukurasa wa majadiliano, swali ambalo jedwali hilo litajibu na mahali namba zake zitakapochotwa.