Gia za Injini Ndogo za Reli: Kuzitengeneza kwa Gharama Ndogo

Katika nchi za Uingereza na Marekani wako watu wengi, wazee kwa vijana, wajengao reli ndogo majumbani mwao. Upana wa njia hizo ni milimita 16.5 tu, na injini zake ni mfano wa zile kubwa, zilizopunguzwa mara 76 kwa Waingereza na mara 87 kwa Wamarekani. Injini hizo hununuliwa kwa fedha nyingi, na nyingine ni urithi wa baba. Basi ni jambo la kusikitisha kuona mtu akiitupa injini nzima kwa sababu ya gia moja ya plastiki iliyo ndogo kuliko kifungo cha shati.

Dalili ya ugonjwa huo ni kuchechemea. Injini hugonga mara moja kila gurudumu lizungukapo. Wengi huilaumu mota, wakanunua nyingine bure. Lakini mota huzunguka mara nyingi katika mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo mgongo ufuatao gurudumu hutoka katika gia ya ekseli, wala si katika mota.

Mfano ujulikanao sana ni injini za Proto 2000, zilizouzwa Marekani na Life-Like katika miaka ya 1990. Ekseli yake imekatwa vipande viwili vya chuma, navyo vimesukumwa kwa nguvu ndani ya tundu la gia, kimoja kutoka kila upande. Plastiki hukaa miaka mingi ikivutwa na chuma hicho, mwisho ikapasuka baina ya meno mawili. Ufa hutanuka, jino likakosa nafasi yake, na hapo ndipo mgongo huanza.

Wengine hutia gundi. Hiyo ni kazi bure, maana plastiki ya gia nyingi ni ya namna itelezayo, haishiki gundi vizuri. Tena ekseli ingali ikiupanua ufa ule ule. Wala gia ya shaba haifai katika ekseli ya namna hii. Umeme wa reli ya kulia na wa kushoto ungekutana kati, na injini isingetembea hata kidogo.

Dawa ni gia mpya ya plastiki. Wenye Proto 2000 waligundua zamani kwamba gia ya ekseli ya Athearn huingia bila kuchongwa, nayo ni rahisi kwa bei. Injini nyingine mbovu yaweza kutoa gia pia, ila meno yahesabiwe kwanza: ekseli zote ziendeshwazo na mota lazima ziwe na meno sawasawa, ama sivyo zitashindana.

Injini hulazwa chali juu ya kitambaa, na kifuniko cha chini hufunguliwa kwa bisibisi nyembamba, taratibu, kwani vishikizo vyake huvunjika upesi. Magurudumu huvutwa huku yakizungushwa kwa mkono. Koleo huacha alama. Girisi kuukuu na nywele zisafishwe zote. Baada ya kutia gia mpya, nafasi baina ya migongo ya magurudumu ipimwe, nayo kwa kipimo cha Marekani iwe yapata milimita 14.4, ikizidi au ikipungua, injini itaanguka penye njia panda za reli.

Gia iliyolika bila kupasuka ina bahati zaidi. Injini iliyokwenda mbele tu miaka yote hula upande mmoja wa kila jino, na ekseli ikigeuzwa, kulia kuwa kushoto, upande mzima ndio utakaobeba kazi. Gharama yake ni tone la mafuta yasiyodhuru plastiki. Kisha injini iendeshwe bila mabehewa, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kabla ya kufungwa mzigo.