Saini na Ridhaa: Muuguzi Mbele ya Mgonjwa Anayejiamulia



Mada niliyopewa ni pana, nami nimeamua kuibana. Misingi minne ya maadili ya tiba, yaani kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki, kila mmoja wetu aliikariri chuoni. Tom Beauchamp na James Childress waliipanga hivyo katika kitabu chao cha mwaka 1979, na wakufunzi wetu hawajaacha kuiuliza kwenye mitihani. Kuitaja ni rahisi. Ugumu unaanza saa nane za usiku, mko wawili wodini, daktari amesema mama apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi, na fomu ya ridhaa bado haijasainiwa. Anayeipeleka fomu hiyo kitandani ni muuguzi. Leo nitazungumzia fomu hiyo tu, na mtu anayeipeleka.

Nianze na Namibia. Kati ya mwaka 2005 na 2007, wanawake watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walijifungua kwa upasuaji katika hospitali za serikali, na katika upasuaji huohuo wakafungwa kizazi. Walikwenda mahakamani. Serikali ikajitetea kwamba fomu zilisainiwa, na kweli zilisainiwa. Lakini tazameni zilisainiwa vipi: mama yuko katika uchungu, analetewa karatasi yenye herufi BTL, kifupi cha Kiingereza cha kufunga mirija ya uzazi, anaambiwa aweke saini. Mwezi Julai 2012 Mahakama Kuu ya Windhoek iliamua kwamba wanawake hao walifungwa kizazi bila ridhaa yao, na Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikaukazia uamuzi huo. Dai la pili, kwamba walibaguliwa kwa sababu ya virusi, halikuthibitika. La kwanza lilitosha. Majaji walisema wazi kwamba zama za mhudumu kumwamulia mgonjwa jambo zito kama hilo, kwa kuwa eti yeye ndiye anayejua, zimepita.

Ningependa tusiipite kesi hii haraka, kwa sababu kila kilichotokea pale kinaweza kutokea kwenye wodi zetu kesho asubuhi. Vifupisho tunavyo. Tunaandika kwenye faili herufi ambazo hata muuguzi mgeni wa zamu inayofuata hazielewi, sembuse mama aliyeishia darasa la nne. Haraka tunayo. Na mazoea ya kumwambia mtu “weka sahihi hapa, mama, daktari anasubiri” tunayo pia. Mtu anayeumwa uchungu kila baada ya dakika mbili atasaini chochote ili maumivu yaishe. Saini ya namna hiyo inathibitisha kwamba kalamu ilikuwepo, basi. Na msidhani haya ni ya kusini mwa Afrika peke yake: Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Kenya iliwapa haki wanawake wenye virusi waliokuwa wamefungwa kizazi bila ridhaa yao.

Mahali pa kuzungumza habari za kufunga kizazi ni kliniki ya wajawazito, miezi kadhaa kabla, mama amekaa kwenye benchi na akili yake imetulia, ana nafasi ya kurudi nyumbani, kuwaza, kushauriana na amtakaye, na kubadili nia. Anayoyaamua yaandikwe kwenye kadi yake. Akifika leba, kazi ya mkunga inabaki kumuuliza kama bado yuko palepale. Maelezo ya upasuaji ni wajibu wa yule atakayeshika kisu, hilo lisihamishiwe kwa nesi kinyemela. Lakini muuguzi anayetia jina lake kama shahidi anatamka kwamba mgonjwa ameelewa. Kama hakusikia maelezo yakitolewa, anashuhudia nini?

Sasa wapo watakaosema: tatizo la Namibia ni ukali na dharau, sisi tuwe wapole tu, yatakwisha. Upole hautoshi, na mfano wake unatoka Marekani. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali kuu iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyokwenda usipotibiwa. Waliambiwa wana “damu mbaya”. Penisilini ilipopatikana miaka ya 1940 hawakupewa. Mtu aliyewaunganisha na watafiti kwa muda karibu wote huo alikuwa muuguzi, Eunice Rivers, mweusi kama wao. Aliwafuata majumbani kwa gari, aliwapeleka kupimwa, aliwajulia hali, na walipofariki ndiye aliyezungumza na familia zao ili maiti zipasuliwe, kwa ahadi ya kusaidiwa gharama za mazishi. Wanaume wale walimpenda na kumwamini. Mwaka 1953 jina lake lilitokea kwenye makala ya kitabibu iliyoeleza jinsi washiriki walivyofuatiliwa kwa miaka 20. Na mwaka huohuo Baraza la Kimataifa la Wauguzi likapitisha kanuni zake za kwanza za maadili. Sina haja ya kumhukumu mwanamke aliyefanya kazi chini ya madaktari weupe katika Alabama ya wakati ule. Ninachosema ni kwamba wema wake, uliokuwa wa kweli, ndio uliofanya watu wale warudi kupimwa kila mwaka bila kuuliza.

Kwetu liko pia suala la ndugu, na hapa sikubaliani na vitabu vingi vya Ulaya. Majibu ya saratani yanatoka, mtoto mkubwa wa mgonjwa anakuvuta kwenye korido: “Sista, naomba sana, mama asijue. Atakufa kwa presha.” Vitabu vinasema mwambie mgonjwa, ni haki yake. Mazoea yetu yanasema waambie ndugu, wao watajua la kufanya. Mimi nasema tumuulize mwenyewe. Inachukua dakika moja: “Shikamoo mama. Majibu yako yametoka. Ungependa uelezwe wewe mwenyewe, au tumwite mwanao mkae pamoja, au unataka yeye ndiye aelezwe?” Mama akijibu “mwambieni mwanangu, mimi nimechoka”, ameshaamua, na uamuzi huo ni wake. Kukabidhi shauri kwa mtu unayemwamini ni njia ya kujiamulia. Kunyang’anywa shauri kwenye korido ni jambo jingine kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa mume anayetafutwa mji mzima aje asaini upasuaji wa mke wake, hali mke mwenyewe ni mtu mzima, ana akili timamu, na amelala pale akisikiliza.

Ya dharura sina mengi. Mtu aliyeletwa hana fahamu na hakuna anayejua msimamo wake, okoa maisha kwanza. Kuhusu vijana, tukumbuke kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 hapa Tanzania, mwenye miaka 15 anaweza kupimwa virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi. Bado nasikia vituo vinavyowarudisha nyumbani wakamlete baba. Na mgonjwa anayekataa matibabu akiwa na akili timamu aelezwe hatari bila kufokewa, aandikiwe, na aambiwe kwamba mlango uko wazi akitaka kurudi. Wengi hawarudi kwa sababu waliondoka wakitukanwa.

Najua jibu mlilonalo mdomoni: muda hatuna, tuko wachache. Ni kweli, na msingi wa nne, kutenda haki, unawagusa wanaopanga ikama kuliko unavyomgusa muuguzi wa zamu ya usiku. Lakini maelezo ya dakika tano kliniki hayahitaji mtumishi mpya.

Kwa hiyo naiomba semina hii ipeleke kwa waganga wafawidhi mapendekezo haya: fomu za ridhaa ziandikwe kwa Kiswahili chepesi bila kifupisho hata kimoja, njia yoyote ya kudumu ya uzazi wa mpango ijadiliwe na kuandikwa kliniki, na isianze kuzungumzwa mama akiwa katika uchungu, na muuguzi anayekataa kushuhudia saini ambayo haikutanguliwa na maelezo asiandikiwe barua ya onyo.