Muziki Uvukao Mpaka: Mfano wa Redio ya Lourenço Marques

Katika taaluma ya Kiswahili, uchunguzi wa lugha ya redio kwa kawaida huanzia kwa mtangazaji: matamshi yake, msamiati wake, lahaja aliyoichagua. Njia hiyo ina manufaa, lakini hupwaya pale mtambo unapokuwa upande mmoja wa mpaka na wasikilizaji upande wa pili. Hapo anayestahili kuchunguzwa kwanza ni msikilizaji, na hasa yale aliyonyimwa na redio ya nchi yake mwenyewe.

LM Radio ya Lourenço Marques, mji uitwao leo Maputo, yadhihirisha jambo hilo. Ilikuwa idhaa ya Rádio Clube de Moçambique, chombo kilichoasisiwa mwaka 1933. Wenyeji wa mji huo walisema Kironga na watawala wao walisema Kireno, ilhali idhaa ya LM ilizungumza Kiingereza na Kiafrikana, kwa sababu wanunuzi waliolengwa na wadhamini waliishi Afrika Kusini. Huko redio ya serikali haikuwa na kipindi cha biashara hadi mwaka 1950, ilipoanzishwa Springbok Radio.

Hapo awali muziki wa LM ulikuwa wa okestra na wa dansi za ukumbini, muziki wa kusikilizwa na familia nzima. Springbok ilipoanza kuwavuta wasikilizaji hao, LM iliwaelekea vijana: rokenroli, santuri mpya, na orodha ya nyimbo zinazovuma iliyosubiriwa kwa hamu Jumapili usiku. Mwaka 1966 Shirika la Utangazaji la Afrika Kusini lilipopiga marufuku nyimbo za Beatles kutokana na maneno ya John Lennon kuhusu Ukristo, amri hiyo haikuufunga mtambo wa ng'ambo. Kijana wa Pretoria alitega redio yake kwenye masafa mafupi, akavumilia mikwaruzo, akapata alichokitaka. Ukali wa jirani ulikuwa mtaji wa LM.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba uhuru huo ulikuwa wa wachache. Fany Mpfumo, mwimbaji mashuhuri wa marrabenta aliyezaliwa Lourenço Marques, alikwenda Afrika Kusini kurekodi nyimbo zake za Kironga. Muziki wa mji ulivuka mpaka kwenda kutiwa kwenye santuri, na mtambo wa mji huohuo ukavusha muziki wa Marekani na Uingereza. Mtafiti anayesoma orodha za nyimbo za LM peke yake hatamwona Mpfumo kabisa.

Miaka hiyohiyo sauti nyingine ilivuka mpaka kutoka kaskazini. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilitangaza kupitia Radio Tanzania kwa Kireno na kwa lugha za wenyeji wa Msumbiji. Huyu alimlenga mpiganaji na mkulima, yule alimlenga mnunuzi; wote wawili walichagua lugha kwa kumtazama msikilizaji aliye mbali, si jirani wa mtambo.

Mwaka 1972 shirika la Afrika Kusini lilichukua uendeshaji wa LM, na mwenye kukataza akawa ndiye mwenye kucheza santuri. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Oktoba 12 mwaka huo idhaa ya LM ilifungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Radio 5, iliyorushwa kutoka ndani ya Afrika Kusini. Muziki wa vijana haukuhitaji tena kuvuka mpaka.

Katika miaka ya 2010 jina la LM Radio lilifufuliwa mjini Maputo. Nyimbo zilizochezwa zilikuwa zilezile za zamani, na lugha ilikuwa Kiingereza kilekile. Waliozisikiliza walikuwa na mvi, na hapakuwa na yeyote aliyewakataza.