Mlango Mfupi wa Thimlich

Twanena nanyi kutoka Kakamega, na leo twapenda mwende pamoja nasi hata kwenye ukuta wa mawe.

Wazee wa kanisa letu na akina mama kadhaa tulisafiri kupitia Kisumu hadi Homa Bay, tukalala huko kando ya Ziwa Victoria. Kulipokucha tukashika njia ya upande wa Macalder, katika Kaunti ya Migori, tukafika Thimlich Ohinga. Wengine walinung'unika njiani: kwa nini twende mbali hivyo kutazama mawe, nasi nyumbani tunalo lile jiwe la Ilesi litoalo machozi?

Lakini jiwe la Ilesi halikupangwa na mtu. Haya ya Thimlich yalipangwa kwa mikono, na wataalamu wanakadiria ni tangu karne ya 16. Kuta zina unene wa mita 1 hadi 3, na mahali pengine kimo chake hupita mita 4. Ndani mlikuwa na nyumba za watu na mazizi ya mifugo. Husemwa kwamba Wabantu na Wajaluo walikaa humo kwa nyakati mbalimbali, na kila waliohamia walitengeneza palipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliihesabu boma hiyo kuwa Urithi wa Dunia.

Kati yetu alikuwamo fundi wa kujenga. Alitafuta saruji, hakuiona. Alitafuta hata udongo wa kushikanishia, hakuuona. Akasukuma ukuta kwa kiganja, kisha kwa bega (mlinzi wa mahali pale hakupendezwa). Ukuta haukutikisika. Akatuonyesha siri yake: safu ya mawe upande wa nje, safu nyingine ndani, na katikati vimejazwa vijiwe ambavyo sisi tungevitupa. "Ukiving'oa hivi vidogo," akasema, "yale makubwa yatalala chini."

Sasa, ndugu wasikilizaji, kuna jambo lisilo rahisi kulisema redioni. Katika safari ile walikuwamo wazee wawili, majirani, ambao kwa miaka mitatu hawakusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nasi tulio wachungaji wao tulijua. Tulichofanya ni kuwapangia zamu mbalimbali za kukusanya sadaka wasije wakakutana. Jambo hilo tuliliita hekima. Hata katika gari tulimketisha mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa.

Mlango wa Thimlich ni mfupi. Ulijengwa hivyo makusudi, ili anayeingia aingie ameinama, na walinzi waliokaa karibu ndani wapate kumwona mapema. Hakuna aliyeingia wima, wala kasisi. Tulipoinama tulimkumbuka Nehemia. Katika sura ya 3 ameandika majina ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kila mtu na sehemu yake. Na alipofika kwa watu wa Tekoa hakuficha kwamba wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo kwa kazi ile. Neno hilo tumelisoma mara nyingi. Siku ile lilitukaa vibaya moyoni, kwa maana shingo ngumu zaidi mahali pale huenda ilikuwa yetu.

Yule mzee wa kwanza alikwisha kuingia. Wa pili ni mtu mrefu, na macho yake si mazuri tena. Alipokuwa akipita, yule wa ndani akanyosha mkono, akaufunika ukingo wa jiwe la juu asije akagonga kichwa, akamwambia, "Inama zaidi kidogo, mzee." Akainama. Akasema, "Asante." Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyelia. Waliendelea kutembea, kila mtu akitazama ukuta wake. Lakini wakati wa kurudi waliketi kiti kimoja, wakizungumza habari za bei ya mbolea.

Jumapili iliyofuata tuliiondoa ile orodha ya zamu ukutani, tukawaomba wote wawili radhi. Mpaka wa shamba haujapimwa bado. Siku ya kupima imewekwa, nao wametuita tuwepo. Mtuombee.